Heko Watunzi wa Mombasa

Heko kwa washairi wa Mombasa, walioutoa ushairi msikitini wakaufikisha barazani na sokoni. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji aliutungia ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said wa Oman, kisha akageukia mapenzi na maisha ya mtaani kwa ustadi ule ule.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?*, ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na tungo hizo zikachapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Humo mna mnazi unaogombaniwa, mna mamba, mna jipu: vitu anavyovijua mtoto yeyote wa pwani, na ambavyo mtu mzima akivisoma anaiona nchi nzima. Vina na mizani havikulegea hata kifungoni. Ustahimilivu huo wa kifundi naustahi kuliko ujasiri wenyewe. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.