Prado ya Rondo: kazi inayoanza gari likishashushwa kwenye jeki

Kubadilisha springi na shokapu kulichukua siku moja. Kulifanya gari liende sawa baada ya hapo kulichukua siku nne, na ni hizo nne ninazotaka kuzichambua, kwa sababu magari mengi yaliyonyanyuliwa ninayokutana nayo kati ya Kilwa na Masasi yameishia siku ya kwanza.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado ya 1998, lile umbo la zamani lenye springi za koili mbele na nyuma. Linafanya kazi kwenye uwanda wa Rondo, mkoani Lindi. Wengi walilisikia jina hilo Mei 2023, misafara ilipopanda kijijini Chiponda kumzika Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Tunaopanda huko mara kwa mara tunaijua Rondo kwa matairi: ukiiacha lami ya Mingoyo kwenda Masasi, unapandisha ngazi ya uwanda kwenye udongo mwekundu na mchanga, na kuanzia Desemba hadi Aprili malori yanachimba mifereji miwili ambayo gari dogo likiingia, tumbo linakaa juu ya tuta la katikati na matairi yanazunguka hewani. Kilichonitoa kwenye kusitasita kulinyanyua gari ni Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Hapo niliona kwamba hata barabara kuu si ya kuitegemea mwaka mzima.

Tulichoweka ni springi za kuinua milimita 50, na tairi za 285/75R16 badala ya 265/70R16 za kiwandani. Kwanza tuelewane juu ya kimo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Springi hunyanyua bodi na chasisi. Hazinyanyui difu ya nyuma, kwa kuwa difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inakalia tairi. Tairi ya zamani ina kipenyo cha milimita 777, mpya 834. Nusu ya tofauti hiyo ni 28, na hizo milimita 28 ndizo pekee ambazo difu imezipata. Mtu aliyeweka springi ndefu akabaki na tairi zile zile ataliona gari refu kwa macho, lakini kwenye mifereji ya Rondo difu yake italima tuta kama jana. Kwa upande mwingine, tairi kubwa bila springi hugusa bodi ukikata kona. Vitu hivi viwili vinategemeana, na kila kimoja kimeharibu kitu chake: springi zimeharibu mkao wa magurudumu, tairi zimeharibu hesabu ya mwendo.

Nianze na mkao. Tuliposhusha jeki na kutoka kidogo barabarani, gari lilitangatanga. Ukilishika kwenye 70 linakwenda kushoto, unalirudisha, linapitiliza kulia. Ukikata kona na kuulegeza usukani, usukani haurudi. Fundi, mzee ambaye amelala chini ya magari ya Lindi tangu ujana wake, alishuka akasema, "Mwanangu, gari limepanda lakini halijanyooka. Kasta imekufa."

Kasta ni ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huugeukia. Tazama uma wa baiskeli: haukusimama wima, umelala nyuma kuelekea kwa mwendeshaji, na ndiyo maana baiskeli iliyo kwenye mwendo hunyooka hata ukiachia mikono. Kwenye Prado hii kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Bodi inapopanda, mikono yote huinamia chini na mhimili hupoteza mlalo wake. Wenye Nissan Patrol za zamani au Land Cruiser 80 wana ekseli nzima mbele, na kwao hasara huja kwa njia nyingine: mikono mirefu inayoshika ekseli huizungusha yote kuelekea mbele, nao hutibu kwa bushi zilizotobolewa pembeni ya kati. Kwenye gari la springi za bapa hupachikwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Sisi tulikuwa na dawa ya kiwandani: mkono wa chini wa Prado umeshikwa na bolti mbili zenye kamu, ya mbele na ya nyuma, na ukizizungusha mkono unasogea.

Bolti hizo ndizo zilizokula siku nzima ya pili. Hewa ya Lindi ina chumvi, na gari la pwani lisilofunguliwa miaka mingi huwa bolti yake imeota ndani ya bushi kama jino. Tuliziloweka mafuta usiku kucha, tukazigonga taratibu asubuhi, na mbili kati ya nne zilikatwa na kubadilishwa pamoja na bushi zake. Anayepanga kazi hii pwani anunue bolti za kamu na bushi kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Sasa kipimo. Hatukuwa na mashine ya alaimenti, na nilitaka kujua kama mkao unaweza kupimwa kwa uaminifu bila hiyo. Unaweza, mradi sakafu iwe sawa na mtu awe na subira. Tulijaza upepo tairi zote kwa kipimo kimoja, tukaliegemea gari mbele na nyuma mara kadhaa springi zikae, kisha tukaweka chini ya kila tairi la mbele vipande viwili vya bati vyenye grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kukwaruza sakafu. Kemba, yaani mlalo wa tairi kwenda ndani au nje kwa juu, tuliipima kwa timazi ya waashi: uzi unaning'inia mbele ya rimu, unapima umbali wa uzi hadi ukingo wa juu na hadi ukingo wa chini. Kati ya kingo hizo kuna kama milimita 430, kwa hiyo tofauti ya milimita 7 na nusu ni digrii moja.

Kasta haipimwi moja kwa moja; inasomwa kupitia kemba. Unageuza gurudumu digrii 20 upande mmoja, unapima kwa timazi, unaligeuza digrii 20 upande wa pili, unapima tena. Tofauti ya kemba hizo mbili, ukiizidisha kwa moja na nusu hivi, ndiyo kasta. Tofauti yetu ya mwanzo ilikuwa milimita 6, sawa na digrii 0.8 ya kemba, ambayo ni kasta ya digrii 1.2. Gari zito lenye tairi pana haliwezi kunyooka kwa kiasi hicho. Tukaingiza ndani kamu ya mbele na kutoa nje ile ya nyuma, boljointi ya chini ikasogea mbele, na kemba ikabaki karibu na wima. Baada ya kurudia mara tatu timazi ilionyesha tofauti ya milimita 14: digrii 2.7. Kamu zilikuwa zimefika mwisho. Zaidi ya hapo ingebidi kununua mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyonyanyuliwa, na kwa milimita 50 sikuona sababu.

Kulikuwa na faida ya pembeni. Boljointi ikisogea mbele, tairi nayo husogea mbele, na ile sehemu ya nyuma ya tundu la tairi iliyokuwa ikiguswa kwenye kona ikapata nafasi. Hata hivyo tulikata plastiki kidogo upande wa bampa. Ningenunua leo, ningechukua 265/75, ambayo kipenyo chake ni milimita 804. Difu ingepanda 13 tu badala ya 28, lakini hakuna plastiki ambayo ingekatwa.

Kunyoosha tairi kutazama mbele huachwa mwisho, kwa sababu kila ukigusa kamu tairi zinafunguka au zinafunga. Hapa tulitumia uzi wa nailoni wa wavuvi, ule wa mshipi, ambao hauvutiki kirahisi. Unaufunga kwenye stendi mbele na nyuma ya gari, pande zote mbili, kimo cha katikati ya gurudumu, nyuzi zikiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari. Hapo ndipo watu wengi hukosea: hupima kutoka kwenye tairi za nyuma wakidhani ekseli ya nyuma iko katikati. Haiko. Ekseli ya nyuma ya Prado imezuiwa isiende pembeni na fimbo moja ya mshazari, na bodi ikipanda fimbo hiyo huisogeza ekseli. Fimbo ya milimita 900 ambayo tayari imelala kwa milimita 100, ukiiongezea 50, inaivuta ekseli kama milimita 7 upande mmoja. Kwa hiyo nyuzi zetu zilipimwa kutoka kwenye chasisi. Tulikuta kila tairi la mbele limefunguka milimita 4 kwenye rimu. Tukaufunga usukani ukiwa katikati, tukazungusha tairodi pande zote sawasawa hadi kila moja ikafunga milimita 1.

Jioni hiyo gari lilikwenda kwenye 80 nikiwa nimeshika usukani kwa vidole. Taa za mbele zilishushwa kwenye ukuta, maana pua iliyopanda ilikuwa inawapofusha wanaokuja, na mipira ya breki ikakaguliwa kama inafika magurudumu yakining'inia. Hayo ni ya nusu saa.

Mwendo ulihitaji fikra zaidi kuliko nguvu. Spidometa haijui gari linakwenda kasi gani. Inahesabu mizunguko ya shafti, na kiwanda kimeiambia kila mzunguko ni umbali gani. Kwenye magari ya Japani ya kizazi hiki desturi ni shafti ya spidometa kuzunguka mara 637 kwa kilometa, na sensa hutoa mapigo manne kwa mzunguko: mapigo 2,548. Tairi yetu mpya ni kubwa kwa asilimia 7.3, kwa hiyo kilometa moja ya kweli sasa inatoa mapigo 2,375 tu, na dashibodi inaamini umekwenda mita 932.

Matokeo yake yanagusa mambo ambayo mtu hayahusishi na tairi. Ukibadilisha oili kila kilometa 5,000 za dashibodi, umekwenda 5,364. Gari linalokwenda kilometa 9 kwa lita litaonekana linakwenda 8.4, na mwenyewe atalalamika kwamba tairi kubwa zinakunywa mafuta, wakati sehemu ya hayo mafuta imepotea kwenye hesabu tu. Na kwenye vijiji vya 50, trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako. Faini ya shilingi 30,000 inafuata kasi ya ardhini.

Tulipima kwa njia mbili. Simu yenye setilaiti ilitupa kasi, kwenye lami iliyonyooka na tambarare. Nguzo za kilometa kutoka Mingoyo kuelekea Mtama zilitupa umbali. Na hapa palitokea kitu ambacho nadhani ndicho cha thamani kuliko vyote. Kwa nguzo 20, odometa ilihesabu 18.6, pungufu kamili kama hesabu ilivyotabiri. Lakini sindano ikisema 80, simu ilisema 83, wala si 86. Kwa nini viwili hivyo visikubaliane ilhali vinalishwa na sensa moja?

Kwa sababu sindano hutengenezwa izidishe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na viwanda vingi, inakataza spidometa kuonyesha chini ya kasi ya kweli, na inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilometa 4 kwa saa juu yake. Viwanda hujiwekea akiba hiyo kwenye sindano. Odometa haina akiba. Tairi kubwa zilikuwa zimemeza akiba yote ya sindano na kupitiliza kidogo.

Mafundi wengi hurekebisha mpaka sindano ilingane na simu, na mteja anafurahi. Ni kosa. Ukifanya hivyo odometa inabaki pungufu kwa zaidi ya asilimia 3, na umeiondoa akiba iliyokulinda tairi zikiwa na upepo mwingi au mpya kabisa. Sisi tulirekebisha kwa nguzo. Njia ya kale ni kubadilisha gia ndogo ya plastiki inayoizungusha sensa: kama ina meno 33, ukiweka ya 31 inazunguka haraka zaidi kwa asilimia 6.5, na kosa linabaki chini ya asilimia moja. Gia ya meno sahihi hatukuipata, tukaweka kisanduku kidogo cha elektroniki kati ya sensa na dashibodi, kinachoyazidisha mapigo kwa 1.073. Nguzo 20 zikawa 20.0. Sindano ikisema 80, simu inasema 77.

Kisanduku hakirudishi nguvu. Difu yenye uwiano wa 4.1 sasa inafanya kazi kama 3.82, na kwenye mpando wa Rondo nashuka gia mapema kuliko zamani. Breki nazo zinashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, kwa hiyo kuteremka nako nateremka kwa gia. Tairi ya spea nayo ilinunuliwa 285, ya tano, ingawa bei iliuma. Prado hii huvuta magurudumu yote manne wakati wote, na tairi moja ndogo kwa asilimia 7 ingeisaga difu ya katikati njia nzima kurudi Lindi.

Ndani ya dashibodi nimebandika karatasi yenye namba hizi zote na tarehe. Meno ya tairi yakiisha milimita 7 kipenyo kitakuwa kimepungua 14, karibu asilimia 1.7, na odometa itaanza kuzidisha. Nitarudi kwenye nguzo za Mingoyo na bisibisi mkononi.