Walinzi wa Daftari la Dawa

California ilianza kuweka daftari la dawa zinazodhibitiwa mwaka 1939, kwa fomu za karatasi. Missouri ndiyo iliyoburuta mkia Marekani. Sheria yake ilitiwa saini mwaka 2021. Mfamasia akitoa oksikodoni, dawa kali ya maumivu, hupeleka jimboni jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya vidonge, siku vitakazotumika, na daktari aliyeviandika. Hayo anayafanya huku foleni ikimngoja.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kulinganisha kumbukumbu za daftari hilo. Katherine wa Jumatatu na Catherine wa Alhamisi, waliozaliwa siku moja: ni mtu mmoja? Kompyuta ikikwama, karani huchunguza anwani. Akiwachanganya, mgonjwa wa saratani ataonekana mzungukaji wa zahanati anayekusanya dawa, na huenda akanyimwa dawa yake.

Daktari akiifungua taarifa ya mgonjwa katika daftari hilo, huisoma harakaharaka, kisha huandika cheti.