Gitaa Kavu Ukambani: Suala la Kipimo

Yapo maoni yaliyozoeleka kwamba gitaa kavu la vidole, katika sehemu kama Kitui na Makueni, ni mtoto wa bluzi na nyimbo za jadi za Marekani. Maoni hayo yana chembe ya ukweli. Reli ya Mombasa ilipita Kibwezi na Makindu, na vijana wengi wa Kikamba walitumikia jeshi la King's African Rifles. Ala na santuri za ng'ambo hazikukosa njia. Jina la Mmarekani Jimmie Rodgers lilikuwa limewafikia hata Wakipsigis, ambao Hugh Tracey alirekodi wimbo wao juu yake mwaka 1950.

Hata hivyo, kufika kwa ala si kufika kwa mtindo. Katika "Masanga", uliorekodiwa na Tracey mwaka 1952, Jean-Bosco Mwenda wa Katanga anatumia kidole gumba na cha shahada tu. Kwa Mississippi John Hurt, gumba hushika besi isiyoyumba, nayo sauti ya juu huelea juu yake. Kwa Mwenda, gumba ni mshiriki wa mazungumzo: vidole viwili hupokezana, na mzunguko mfupi hurudiwa kwa mageuzi madogo madogo. Anayetafuta humo mpango wa bluzi ataona upungufu mahali penye utajiri.

Tena, Mwenda aliimba Kiswahili, lugha isiyo na toni, ambayo mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kikamba ni lugha ya toni, na urefu wa irabu hutenga maana. Kwa hiyo wimbo wa Kikamba unamdai mpigaji jambo ambalo "Masanga" haukumdai Mwenda: kuliachia neno nafasi ya kupanda, kushuka na kurefuka. Kakai Kilonzo wa Les Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, aliimba pia kwa Kiswahili, na gitaa lake la umeme likapata wasikilizaji mbali na Ukambani. Wengi huutazama uamuzi huo kama biashara tu. Kumbe ulibadili pia mzigo unaobebwa na nyuzi.

Basi mhakiki asiyejua Kikamba husikia nusu ya wimbo. Kazi hii haiwezi kuachiwa wanamuziki peke yao. Idara za lugha hazina budi kunukuu maneno ya nyimbo hizi pamoja na toni zake, wangali hai wazee wanaoweza kuyasahihisha.