Maneno ya Mume, Sauti ya Mke: Tabu Ley na Mbilia Bel

Katika ngoma za Usukumani, Bagika wanaposhindana na Bagalu, manju husimama mbele ya wachezaji wake na maneno aliyoyatunga mwenyewe. Asifiwapo, husifiwa kwa yote mawili, utunzi na sauti. Kwa kipimo hicho cha Shinyanga, Mbilia Bel hapati daraja la mtunzi, kwani nyimbo nyingi zilizompa jina alitungiwa na mumewe, Tabu Ley Rochereau. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kipimo hicho, ingawa ni cha haki kwa ngoma, ni kifupi kwa muziki wa jazi.

Nasema jazi kwa maana iliyozoeleka kwetu, ile ya Tabora Jazz na Western Jazz, yaani dansi la magita na tarumbeta. Tabu Ley mwenyewe alianzia katika African Jazz ya Joseph Kabasele, mwaka 1959, mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Mbilia Bel, aliyekuwa amemwimbia Abeti Masikini, aliingia katika bendi yake ya Afrisa mwaka 1981, kisha akawa mkewe.

Tuutazame wimbo wa Mpeve ya Longo. Mke ametupwa na mumewe, naye analia huku akilea watoto peke yake. Katika machimbo ya Geita na Bulyanhulu, ambako wanaume wengi wamefuata dhahabu wakiacha jamaa nyumbani, kisa hicho si kigeni hata kidogo. Lakini wimbo ni wa lugha ya huko Kongo! Mama wa Kahama hajui neno hata moja la lugha hiyo, na bado huzuni yamfikia. Imemfikiaje? Haikupita katika maneno, maana hayo yalikwisha kuachwa njiani. Imepita katika jinsi mwimbaji anavyovuta pumzi na kuchelewesha mwisho wa mstari, pasipo kupaza sauti kuomba huruma. Hayo hayaandikwi katika daftari la mtunzi. Basi kwa msikilizaji huyo, nusu ya utunzi, tena nusu iliyo kubwa, ni ya mke.

Hata hivyo sauti haichagui la kusema, na hapa ndipo ninapomlaumu Tabu Ley. Eswi yo Wapi, kwa jina lake, yauliza: imekuuma wapi? Ni kijembe ambacho mwanamke wa pwani angekivaa kwenye kanga. Mke analia, au mke anarusha kijembe. Katika hali zote mbili mume ndiye aliyekaa katikati ya wimbo, hata asipotajwa. Mwanamke amepewa kinywa, hakupewa mada.

Walipoachana mwishoni mwa miaka ya 1980, Mbilia Bel alikwenda Paris akafanya kazi na mpiga gita Rigo Star. Nyimbo za huko ni nyepesi na za kuchezeka, ila sisikii tena ule uzito wa kisa. Tabu Ley naye alimpandisha jukwaani Faya Tess, mwimbaji hodari, kalamu ikiwa ile ile. Aliandika kama zamani, lakini sauti ile iliyokuwa ikiyamalizia maneno yake ilikuwa imekwisha kuondoka Afrisa.