Pongezi kwa Rumble ya Boston

Boston, Marekani, ni mji wa wanafunzi: Harvard na MIT ziko ng'ambo tu ya mto Charles, na Berklee College of Music iko mjini kwenyewe. Kila mwaka huingia vijana na magitaa yao, wakitafuta jukwaa. Mwaka 1979 redio ya WBCN iliwapa jukwaa hilo, mashindano ya bendi yaitwayo Rock & Roll Rumble, na The Neighborhoods wakatwaa ushindi.

Utaratibu wake naupenda mno. Bendi za hapohapo zilipambana klabuni usiku baada ya usiku, majaji wakachuja, zikabaki za nusu fainali, kisha fainali. Hakuna fundi wa studio wa kukufichia kasoro; unapiga mbele ya watu, basi. Mwaka 1983 walishinda 'Til Tuesday, bendi ya mwimbaji Aimee Mann, aliyesoma Berklee, na mwaka 1985 wimbo wao "Voices Carry" ukavuma Marekani nzima. Mwaka 2003 ikawa zamu ya The Dresden Dolls: watu wawili tu, piano na ngoma!

WBCN iliondoka kwenye masafa ya FM mwaka 2009, lakini mashindano yakaendelea. Walioyashikilia wanastahili heshima sawa na washindi wenyewe.