Mpinzani, Udhaifu na Shilingi ya Waziri: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Bunge

Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilifanya maamuzi mawili ambayo yanatuhusu sana sisi tunaoshughulika na istilahi. Kwanza, liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Pili, lilimzuia Halima Mdee, aliyekuwa Mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CHADEMA, kuhudhuria mikutano miwili. Na mkutano, kwa lugha ya Bunge, si kikao cha siku moja bali ni mfululizo wa vikao vya majuma. Chanzo cha yote hayo kilikuwa neno moja: udhaifu.

Profesa Assad, alipohojiwa na Idhaa ya Kiswahili ya Redio ya Umoja wa Mataifa, alisema kuwa kutofanyiwa kazi kwa taarifa za ukaguzi ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Mbunge wa Kawe aliiunga mkono kauli hiyo. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwaita wote wawili mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Mkaguzi alieleza kwamba neno hilo ni la kawaida katika lugha ya ukaguzi. Bunge lililisikia kama dharau.

Si kazi ya makala haya kuamua nani alistahili adhabu. Kazi yetu ni kuuliza imekuwaje lugha iliyokwisha kukomaa Bungeni kwa miaka mingi ikashindwa kumkinga mtu anayeihoji Serikali asihesabiwe kuwa ametukana. Jibu letu ni kwamba istilahi nyingi za kazi hiyo zimetungwa kutoka kwenye kiti cha anayehojiwa, wala si kutoka kwa anayehoji au wale waliomtuma. Tutazipima istilahi nne kwa masikio ya Magomeni, mtaa ulio katika Wilaya ya Kinondoni sawa na Kawe, ambako wapiga kura husikiliza Bunge wakiwa vibarazani.

1. Udhaifu

Neno dhaifu lina matumizi matatu yasiyopaswa kuchanganywa. Katika mazungumzo ya kila siku, dhaifu ni mgonjwa asiye na nguvu, au mtu duni. Katika elimu ya dini, kila aliyepita madrasa pale Magomeni amepata kusikia habari za hadithi sahihi na hadithi dhaifu. Hapo dhaifu ni istilahi kamili: huonyesha kwamba hadithi ina kasoro, aghalabu katika mlolongo wa wapokezi wake, na mwanachuoni anayetamka hivyo hahesabiwi kuwa ametukana. Katika ukaguzi, udhaifu ni pengo katika utaratibu, ambalo kwalo mali inaweza kupotea.

Kwa hiyo basi, Kiswahili kilikuwa na mfano wa zamani wa kulitumia neno hili kitaalamu. Lililokosekana ni mpaka uliokubaliwa na pande zote. Hata sarufi ilichangia. Kiunganishi "wa" katika "udhaifu wa Bunge" hakisemi kama kasoro imo katika kazi fulani ya Bunge au ni sifa ya Bunge lenyewe. Lau ingesemwa "udhaifu katika utekelezaji wa mapendekezo ya ukaguzi", mlango wa hasira ungekuwa mwembamba zaidi. Wako wanaoshauri neno liachwe na mahali pake litumike upungufu. Hatuafikiani nao. Upungufu nao waweza kusikika kama tusi, na lugha inayobadilisha maneno kila mkubwa anapokasirika haitapata istilahi hata moja ya kudumu.

2. Mpinzani

Kitenzi kupinga kina picha ya kitu kilicholazwa kukatiza njia. Ndiko tunakopata pingamizi na pingu. Mpinzani ni mtu wa kushindana naye. Mtu atokaye Magomeni kwenda Kariakoo hupita Jangwani, yalipo makao ya Yanga, na mbele kidogo akafika Msimbazi, yalipo makao ya Simba. Katika njia hiyo mpinzani hana maana ya kubahatisha: ni yule ambaye kufungwa kwake ni furaha yetu. Neno hilo tulilipeleka Bungeni baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, kisha tukaliongezea kambi, neno la askari, tukapata Kambi Rasmi ya Upinzani. Baadaye tukashangaa kwamba swali kuhusu mkataba au deni hupokewa kama shambulio.

Lakini tutazame jinsi watu wale wale wanavyoendesha mambo yao wenyewe. Katika upatu, mwanachama anayemtaka kijumbe aeleze fedha ziko wapi haitwi mpinzani wa upatu. Ni mwanachama anayedai haki yake. Wenye maduka Kariakoo wana methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeomba kuliona daftari hapingi biashara; anailinda.

Historia ya Magomeni inaunga mkono jambo hili. Ndipo alipoishi Julius Nyerere baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, na nyumba yake ni makumbusho. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba ya mwaka huo huo akajiuzulu kwa kuwa mapendekezo yake yalikuwa yakikataliwa. Kwa Gavana alikuwa mpinzani. Kwa majirani zake alikuwa msemaji wao. Mtu ni yule yule na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kiti cha mwenye kumtaja.

Wenzetu wa Kenya, kufuatia Katiba yao ya mwaka 2010, humtaja Kiongozi wa Walio Wachache. Istilahi hiyo haina ugomvi, lakini inahesabu vichwa tu. Haielezi hao wachache wamekwenda Bungeni kufanya nini.

3. Kuwajibika

Ibara ya 53 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inawataka mawaziri wawajibike kwa pamoja Bungeni. Maana yake ni kutimiza wajibu na kutoa maelezo juu yake. Hata hivyo, katika magazeti na vijiweni kuwajibika kumebanwa mpaka kukawa jina la heshima la kujiuzulu. Husemwa kwamba Ali Hassan Mwinyi aliwajibika mwaka 1977 alipoacha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwamba Edward Lowassa aliwajibika Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa Richmond. Matokeo yake ni kwamba waziri anayetoa hesabu kamili, akarekebisha kosa na kubaki kazini, hasemwi kuwa amewajibika. Na mbunge anayesema "Waziri awajibike" hudhaniwa kuwa anataka kichwa chake, hata pale anapotaka majibu tu.

4. Kushika shilingi

Iko istilahi moja iliyofaulu. Makadirio ya wizara yanapopitishwa, mbunge asiyeridhika na majibu hutangaza kushika shilingi katika mshahara wa waziri. Mjadala hufunguliwa, waziri hueleza, na akiridhisha shilingi hurudishwa. Utaratibu wenyewe una asili ya Uingereza, lakini maneno ni yetu. Muuza nyanya wa Kariakoo hahitaji kufasiriwa: fedha ni zetu, moja tumeishika, tueleze. Hakuna kambi wala pingu ndani yake. Tena shilingi inaweza kushikwa na mbunge wa chama chochote, kwa sababu istilahi inataja tendo wala haitaji mtu.

Mapendekezo yetu ni machache. Upinzani libaki kuwa jina la vyama, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Lakini kazi yenyewe iitwe kuhoji na kudai hesabu, nani awaye mwenye kuifanya. Kuwajibika kurudishiwe maana yake, na anayeacha kazi tuseme amejiuzulu. Udhaifu uingizwe katika orodha ya istilahi za Bunge na za ukaguzi ukiwa na fasili moja, ili mtu atakayelitamka neno hilo kesho apimwe kwa fasili hiyo. Wabunge wa vyama vya upinzani walipungua mno baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020. Wenye kuhoji wanapokuwa wachache, hatuna budi kuhakikisha kwamba hakuna hata mmoja wao atakayetolewa nje kwa sababu ya neno ambalo sisi tulichelewa kulifasili.