Vita vya Mfalme Asiyefika: Uhakiki wa Masimulizi ya Lado katika Historia ya Nile Magharibi

Makala hii inahakiki mazoea ya kuieleza Lado kama suala la ramani na mikataba. Kwa mkataba wa Mei 12, 1894, Uingereza ilimkodisha Leopold II wa Ubelgiji ukingo wa magharibi wa Nile kwa muda wote wa uhai wake. Februari 17, 1897, Louis Chaltin aliwashinda Wamahdi huko Rejaf. Mwezi huohuo, askari Wakongo wa msafara wa Francis Dhanis waliasi. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikaingizwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda.

Mfuatano huu ni sahihi, ila una upungufu ambao hata aya iliyotangulia haikuukwepa: watendaji wake ni wafalme, dola na maofisa. Leovigild, mfalme wa Wavisigothi aliyeiteka milki ya Wasuebi mwaka 585, aliongoza majeshi yake mwenyewe. Leopold hakuwahi kukanyaga Kongo. Vita vyake vilipiganwa na Waafrika, wakiwemo mabaki ya askari wa Emin Pasha, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi.

Istilahi nazo zinapotosha. "Kukodisha" kunadai kuwapo kwa mwenye mali, ilhali Uingereza ilikodisha nchi ambayo haikuwa imeikalia. "Kupanua milki" kunaficha kwamba Walugbara hawakuwa na mfalme wa kushindwa wala wa kutia saini. Mamlaka yalikuwa kwa wazee wa koo. Methali ya mafahali na nyasi haitoshi pia, kwa kuwa nyasi hazina kumbukumbu, nao wazee wa Aroi, Arua na Koboko wanayo.

Suala hili si la wanahistoria peke yao. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vitahitajika. Vikinakili masimulizi yaliyopo, mtoto wa Koboko atasoma habari za kwao zisizo na watu wa kwao. Tunapendekeza masimulizi ya Kilugbara, Kikakwa na Kinubi yakusanywe kwanza, yafasiriwe kwa Kiswahili, kisha ndipo vitabu viandikwe.